Walimu wa Pikipiki Wanastahili Heshima

Pongezi zangu ni kwa walimu wa pikipiki, wale wanaoshinda juani kwenye viwanja vya vumbi wakimwelekeza mwanafunzi kuachia klachi taratibu. Kazi yao hudharauliwa, maana kwetu wengi hujifunza kwa rafiki, jioni moja tu, kisha kesho yake wanapakia abiria. Mwalimu mzuri haanzi na mwendo, huanza na breki. Wengi huiogopa breki ya mbele, eti itawarusha, ilhali ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha pikipiki. Basi atamrudisha mwanafunzi tena na tena: vidole vikaze polepole, usukani unyooke, macho yatazame mbele, si kwenye tairi. Akikosea, wanaanza upya, bila matusi. Uingereza ililazimisha mafunzo ya msingi ya namna hii mwaka 1990, na skuta ndogo nazo zimo. Sisi tuliojaza bodaboda kila kona tunayahitaji zaidi. Nawe uliyeiacha pikipiki miaka mingi, usione haya kurudi uwanjani. Mtafute mwalimu, umlipe ada yake kamili, na umshukuru.