Kiu Karatani
Katika Magic: The Gathering, mchezo wa karata alioutunga Richard Garfield na uliotolewa mwaka 1993, kila kiumbe wa kubuni hupimwa kwa tarakimu mbili: nguvu na ustahimilivu. Jeraha lisiloua hufutika zamu ikiisha. Uchovu, basi, hauna mahali. Hapo mfugaji wa Biliqo, katika nchi kavu ya Isiolo, angeuliza: na kiu je? Ng'ombe hawezi kukaa siku nyingi mbali na kisima. Ngamia huvumilia wiki nzima. Tuongeze tarakimu hiyo, msomaji? Naam, ila si kwa pambo. Ikiwa mwenye nguvu ndiye pia mvumilivu wa kiu, mchezaji amepewa hesabu ya bure, nayo huchosha kuliko kushindwa. Mpe joka nguvu nyingi na kiu kali, ngamia nguvu haba na subira ndefu. Hapo mchezaji atasita kabla ya kutupa karata.