Utaijuaje Afrika bila lugha zake?

KATIKA vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa uchumi au uhandisi anaweza kuongeza kwenye shahada yake kozi ndogo ya Taaluma za Afrika. Humo huchota historia kidogo, fasihi kidogo, siasa na anthropolojia. Taaluma hizi si za jana: Melville Herskovits aliasisi mpango wake katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka wa 1948.

Wazo lenyewe ni zuri. Afrika haienei katika kapu la somo moja. Shida ni kwamba mara nyingi lugha huwekwa kando kama kachumbari: ukitaka unaongeza, usipotaka unakula hivyo hivyo.

Hebu tutazame maneno mawili tu. Zamani, Mswahili aliposifu maisha ya mjini yenye adabu na elimu, alisema 'uungwana'. Katika karne ya 19, Waomani walipotawala kutoka Unguja, 'ustaarabu' ukashika kasi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuwa kama Mwarabu. Uungwana nao ulimtenga mtu huru na mtumwa. Utawala, utumwa na tabaka, vyote vimo humo. Lakini anayetegemea tafsiri ya Kiingereza aghalabu atapewa neno moja kwa yote mawili. Sasa huyo amesoma historia ipi?

Tusiwacheke Wamarekani, jamani. Mwaka wa 1968 jijini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban Lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, walipendekeza mahali pake Idara ya Fasihi na Lugha za Kiafrika. Fasihi na lugha, pamoja. Leo, Mkenya anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu mila za nyanya yake, na nyanya mwenyewe asielewe hata ukurasa mmoja.

Wapo watakaouliza: lugha ipi, ilhali ziko zaidi ya elfu moja? Yoyote, mradi mwanafunzi aweze kuisoma na kuketi na wenyewe bila mkalimani. Moja itamfunza kuzishuku tafsiri za nyingine. Kozi isiyodai hata hiyo moja itafutiwe jina jingine.