Hakuna Aliyeulizwa Nyumbani kwa Walter White

Mazungumzo yoyote kuhusu Breaking Bad huishia pale pale: episodi ya mwisho, Walter White amesimama jikoni kwa mkewe Skyler, anakiri kwamba yote aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe. Aliipenda ile kazi. Aliiweza. Ilimfanya ajihisi yuko hai. Watu husema hapo ndipo jamaa alipotubu. Misimu mitano ya kuimba "ni kwa ajili ya familia", kisha dakika chache za ukweli.

Mimi pia hapo hunishika, siwezi kukataa. Lakini nimeitazama tena mara kadhaa, na kuna jambo ambalo siku hizi siwezi kulipita. Katika mazungumzo hayo hayo ya kukiri, Walter anamdanganya Skyler.

Anamwambia hana pesa za kumpa, ati za mwisho zilimwishia njiani. Si kweli. Kabla ya kufika pale alikuwa ameshapitia kwa Gretchen na Elliott Schwartz, marafiki wa zamani waliotajirika kwa kampuni ambayo yeye na Elliott waliianzisha. Amewarundikia dola 9,720,000 mezani. Amewatisha kwamba kuna wauaji wanaowafuatilia. Amewaamuru wampe mwanawe pesa hizo akitimiza miaka 18, na zionekane ni msaada wao wenyewe. Mtoto asijue zilikotoka. Kwa hivyo yule mtu tunayesema ametubu, hata siku ya mwisho ya maisha yake bado anaipangia familia yake mambo bila kuiuliza.

Huu ndio usomaji wangu wa tamthilia hii. Tumezoea kujadili ni lini hasa mwalimu mpole aligeuka kuwa Heisenberg. Ni swali zuri, ila ni swali la Walter. Ukikaa upande wa watu wa nyumba yake, swali ni jingine: ni lini mtu yeyote pale ndani aliulizwa anataka nini?

Kwa ambaye bado hajaiona (samahani, nishaanza kukumwagia mtama wote), tamthilia hii ya Vince Gilligan ilionyeshwa na AMC huko Marekani kuanzia Januari 2008 hadi Septemba 2013, episodi 62. Walter, anayeigizwa na Bryan Cranston, ni mwalimu wa kemia mjini Albuquerque, New Mexico. Ana miaka 50, na jioni anafanya kazi ya pili kwenye kituo cha kuosha magari. Mkewe, Anna Gunn, ni mjamzito. Mwanawe, Walter Junior, ana mtindio wa ubongo kama RJ Mitte anayemwigiza, na hutembea kwa magongo. Walter anaambiwa ana saratani ya mapafu isiyoweza kupasuliwa. Anaamua kupika dawa za kulevya na mwanafunzi wake wa zamani, Jesse Pinkman, ili aiachie familia pesa. Hiyo ndiyo hadithi anayojisimulia.

Ndani ya msimu wa kwanza kuna kikao cha familia ambacho naona ndicho ufunguo wa yote. Skyler amewaita dada yake Marie na mumewe Hank, na Junior yupo. Kuna mto mdogo wa kochi: anayeushika ndiye anayeongea. Wanamwomba Walter akubali matibabu. Junior anamkabili babake kwa uchungu: baada ya yote mimi niliyopitia, wewe unaogopa kemotherapia? Vipi kama ungenikatia tamaa mimi? Mwishowe Walter anauchukua mto na kusema kwamba maisha yake yote hajawahi kuhisi amechagua kitu. Sasa anataka kuchagua, na amechagua kutotibiwa.

Ni hoja nzito. Nani hajawahi kuhisi hivyo? Asubuhi yake anabadilisha nia, anakubali kutibiwa. Elliott alikuwa amejitolea kulipa, Walter akakataa kwa sababu ya kiburi. Ila Skyler haambiwi hivyo, anaachwa aamini kwamba Elliott ndiye analipa. Yaani mtu aliyetoka tu kulilia haki ya kuchagua anaanza safari yake kwa kumnyang'anya mkewe haki hiyo hiyo. Skyler hajui anaishi kwa pesa za nani, na usipojua hilo huwezi kukubali wala kukataa.

Kutoka hapo, nionyeshe uamuzi mmoja mkubwa unaofanywa mezani, watu wote wakiwa wameketi na wanajua ukweli. Mwanzoni mwa msimu wa pili Walter anapiga hesabu ya pesa ambazo familia itahitaji akifa: karo ya chuo ya watoto wawili, mkopo wa nyumba, matumizi. Anapata dola 737,000. Hesabu safi, ya mwalimu. Anaipiga mbele ya Jesse. Mkewe, ambaye amesomea mambo ya uhasibu na ndiye angejua bei ya kila kitu katika nyumba ile, hayupo.

Junior naye anajaribu kusaidia kwa njia anayoijua. Anamfungulia babake tovuti ya kuchangisha pesa za matibabu. Ni harambee, tu ya mtandaoni: mtoto anaomba watu hadharani, kwa jina lake na kwa sura ya babake. Wakili Saul Goodman anaona nafasi hapo, na ile tovuti inageuzwa mashine ya kutakatisha pesa za dawa za kulevya. Michango inamiminika, Junior anafurahi hadi anahojiwa kwenye televisheni akimsifu babake kuwa mtu mwema. Mapenzi ya mtoto yametumiwa kama sabuni, naye hajui. Kinachomuuma Walter ni kwamba hawezi kusema kwamba pesa zile ni zake.

Halafu kuna Skyler wa msimu wa tatu, ambaye kwangu ndiye mhusika aliyeandikwa kwa ujasiri kuliko wote. Ameshajua mumewe anapika nini. Anataka talaka, anataka ahame. Walter anarudi nyumbani kwa nguvu. Skyler anaita polisi. Polisi wanafika na kumkuta baba mtulivu amembeba mtoto mchanga, na kijana anayelalamika kwamba mama ndiye mwenye shida. Askari anauliza kama kuna jambo lolote la kuwaambia. Jambo lipo, tena la kufunga mtu maisha. Lakini akilisema, Junior atajua babake ni nani. Akinyamaza, Walter analala pale. Ananyamaza. Hakuna ngumi wala bastola hapo, na bado ni mojawapo ya maonyesho ya ukatili niliyoyaona kwenye televisheni yaliyonibana zaidi.

Na sisi watazamaji tulifanya nini? Wengi tulimchukia Skyler. Tulimwona mnoko, mke anayemharibia mwanamume mambo. Chuki ilizidi hadi Agosti 2013 Anna Gunn mwenyewe akaandika makala kwenye The New York Times, akieleza jinsi chuki dhidi ya mhusika ilivyomgeukia hata yeye aliyemwigiza, na akiihusisha na jinsi watu wanavyowaona wanawake na wake. Mwaka huo huo, na uliofuata, alishinda tuzo ya Emmy.

Sidhani chuki ile ilikuwa ya bahati mbaya. Kamera hukaa na Walter. Tunajua siri zake kabla ya mkewe kuzijua, tunacheka naye, tunaogopa akikaribia kukamatwa. Ukijua siri ya mtu unakuwa upande wake, hata kama siri yenyewe ni chafu. Skyler anapouliza maswali ambayo mke yeyote angeuliza, sisi tunamwona kikwazo. Hapa tamthilia inatutega vizuri, lakini pia inastahili lawama kidogo: kwa misimu miwili ya kwanza inamwacha Skyler nje ya hadithi kwa muda mrefu mno, hadi ukitaka kumwelewa lazima ufanye kazi ya ziada.

Uongo nao huambukiza. Hank, shemeji yao ambaye ni afisa wa DEA, anapigwa risasi na miguu yake inagoma. Bima haitoshi kwa matibabu bora. Skyler anamtungia Marie hadithi kwamba Walter ni mcheza kamari aliyeshinda pesa nyingi, na kwamba watalipa. Ni wema, na ni wema wa kweli: Hank anasimama tena. Lakini Hank mwenyewe hakuulizwa, wala hajui nani alilipa. Msimu wa tano anapogundua Heisenberg ni nani, Walter anamtumia video inayodai kwamba Hank ndiye aliyekuwa bosi wa biashara yote. Na ushahidi wenye uzito ni nini? Yale matibabu. Marie anapokiri zilikotoka pesa, unaona uso wa Hank ukizima. Wema aliofanyiwa gizani umegeuka kamba shingoni mwake.

Skyler pia anaoza, na ninapenda kwamba waandishi hawakumwonea huruma. Kuna wakati anaingia kwenye kidimbwi cha kuogelea na nguo zake zote mbele ya wageni ili tu watoto waondolewe nyumbani. Kisha anamwambia mumewe kwamba kilichobaki kwake ni kungoja saratani irudi. Baadaye, Jesse akiwa tishio, ni yeye anayemsukuma Walter amalizane naye. Mwanamke aliyeita polisi msimu wa tatu sasa anaona kifo kimoja zaidi si kitu.

Anayebaki ni Junior. Mashabiki humtania kwamba kazi yake kwenye tamthilia ni kula kiamshakinywa, na utani huo una ukweli. Ila tazama vizuri: anawekwa pale mezani na sahani yake kwa sababu kila mtu amekubaliana asijue. Hata jina walilompa alijaribu kulivua, akajiita Flynn. Ukweli anaambiwa akiwa amechelewa kabisa, kule kituo cha kuosha magari, katika episodi ya Ozymandias. Muda mfupi baadaye wazazi wake wanang'ang'ania kisu sebuleni. Kijana huyu wa magongo anamrukia babake, anamkinga mamake kwa mwili wake, na anapiga simu polisi. Amejua ukweli kwa muda mfupi tu na ameshafanya kile ambacho watu wazima waliojua kwa miezi hawakufanya. Swali la kwamba angeelewa au asingeelewa limejibiwa.

Walter anatoroka na Holly, mtoto mchanga. Anapombadilisha nepi, Holly anaanza kuita mama. Walter anamwacha kwenye kituo cha zimamoto ili arudishwe. Nimejaribu kukumbuka mara nyingine ambapo Walter anasikia mtu wa nyumba yake akisema anataka nini, kisha anatii. Sijaipata. Ilibidi iwe mtoto asiyejua kuongea.

Kisha kuna simu. Akiwa mafichoni New Hampshire, Walter anataka kumtumia Junior dola 100,000. Anamtumia mwanamke wa baa ajifanye Marie ili kijana aitwe kwenye simu ya shule. Junior anasikiliza, anaelewa, na anakataa kwa kelele. Hataki pesa. Anamwambia babake afe tu. Ndilo jibu lililo wazi kuliko yote katika episodi 62, na limetoka kwa mtu ambaye pesa zote zinadaiwa kuwa zake.

Sasa rudi kwa wale Schwartz na rundo la mezani. Najua utasema nini, kwa sababu nimeambiwa mara nyingi: bana, pesa ni pesa. Skyler amebaki kwenye nyumba ndogo ya kupanga, anafanya kazi ya kupangia teksi safari, serikali imechukua kila kitu. Watoto watasoma na nini? Ni hoja ya haki, na sina jibu rahisi. Njaa haina falsafa. Lakini mpango wa Walter umejengwa juu ya kulijua lile jibu la Junior. Kama angedhani mwanawe atakubali, asingehitaji kuwaficha wale wawili nyuma ya jina la msaada. Alisikia "hapana", akatafuta njia ya kuizunguka.

Wengi wetu tumelelewa chini ya sentensi ya "nafanya haya yote kwa ajili yenu", na mara nyingi anayeisema huwa anasema kweli, ametoka alfajiri na kurudi usiku. Breaking Bad hainifundishi kumshuku kila mzazi. Inanionyesha tu kwamba sentensi hiyo ina watu wawili ndani yake, na wa pili naye ana mdomo.

Tamthilia inaisha kabla Junior hajafikisha miaka 18. Siku hiyo ataitwa na watu ambao hawakuwahi kumtafuta, ataambiwa wanampenda, atapewa karatasi za kutia sahihi. Pengine atashukuru. Pengine, kwa kuwa si mjinga, atapiga hesabu. Tunachojua ni kwamba hata hapo hakuna atakayemwambia anachokitilia sahihi.