Ua Nililolipiga Picha Nikalipoteza

Kwetu Kiloleli, mkoani Simiyu, hatuna majira ya maua kama ya Ulaya. Tuna mvua. Vuli ikishanyesha, ardhi iliyokuwa vumbi tupu inabadilika: mbigili unatandaza manjano njiani, majani ya kongwe yanatoa vimaua vya buluu kwenye mashamba ya pamba yanayosubiri palizi, mgagani unachanua weupe. Nami natoka na simu, napiga picha mpaka chaji inaisha.

Safari iliyopita nilibeba pia kitabu cha Michael Blundell, Collins Guide to the Wild Flowers of East Africa (1987). Blundell alikuwa mlowezi, mkulima na mwanasiasa nchini Kenya, akawahi kuwa waziri wa kilimo. Nasema wazi: kitabu chake kimenifundisha kuinama. Zamani niliona magugu tu; sasa nahesabu petali.

Ila kuna mahali kiliniacha. Nilikuta ua linaloparamia kichaka, petali zake nyekundu zenye kingo za njano zimejikunja kwenda juu kama ndimi za moto. Gloriosa superba. Kilatini cha fahari kweli! Nikamwonyesha bibi ile picha. Hakusifu chochote.

“Umeushika mzizi wake, mjukuu wangu? Unaua huo.”

Ni kweli, kiazi cha mmea huo kina sumu ya kolchisini. Jina la Kilatini linasifu uzuri, basi. Bibi alianza na hatari, kisha akalitaja ua kwa Kisukuma, akaendelea na habari za mbuzi.

Ushairi wetu nao usijione umepona. Waridi na asumini tumezichosha kwa kusifia wapenzi, wakati mgagani, ambao karibu kila nyumba huku inaupika, hatujauona kuwa una ua. Tunasifu maua tusiyoyapanda na kuyakanyaga yanayotulisha.

Lakini kasoro kubwa ni yangu. Nina picha 14 za ua lile, zote kali, na jina alilolitaja bibi sikuliandika. Nilikuwa nahangaikia mwanga. Blundell, kwa mapengo yake yote, aliandika alichokijua.

Vuli ijayo nitabeba kitabu kilekile, simu, na daftari. Bibi akifungua mdomo, simu naiweka mfukoni.