Ng'ombe na Mzigo: Ishara ya Mifugo katika Sanaa za Unyamwezi

Wanafunzi wetu wanapofasiri picha au shairi lenye mifugo, wengi hukimbilia jibu moja: mifugo ni ishara ya amani. Jibu hilo lina asili yake. Theocritus na Virgil waliwaimba wachungaji waliopumzika vivulini, na wachoraji wengi wa Ulaya wakaufuata mkondo huo. Lakini je, ishara hiyo yafaa Tabora? Sisi twaona haifai mpaka ipimwe kwanza.

Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Ujiji na Bagamoyo. Wanyamwezi walikuwa wakulima na wapagazi. Ujira wa nguo aliorudi nao mpagazi uliweza kugeuka ng'ombe, ng'ombe akawa mahari, na mahari ikajenga udugu. Kwa hiyo ng'ombe wa namna hiyo si mapumziko. Ni jasho la njia ndefu lililoota pembe na kwato.

Hata hivyo, hatuna budi kutofautisha. Makundi makubwa ya watemi na matajiri mara nyingi yalichungwa na Watusi, ambao hawakuwa wenye mali. Methali isemayo "Ng'ombe wa maskini hazai" yatukumbusha kwamba mnyama yule yule huwa fahari kwa mmoja na kilio kwa mwingine.

Ipo pia methali isemayo "Ng'ombe haelemewi na nunduye." Ni sifa njema kwa mtu anayebeba wajibu wake mwenyewe. Lakini msanii akimfananisha mpagazi na ng'ombe huyo, tumhoji. Nundu ni mwili wa ng'ombe. Pembe ya ndovu begani mwa mpagazi ilikuwa mali ya tajiri. Wapagazi waliijua tofauti hiyo, ndiyo maana waliopunjwa posho waliweza kugoma au kuutoroka msafara. Sifa ya uvumilivu isiyotaja hayo huificha dhuluma.

Basi mwalimu na awafunze vijana kuuliza maswali matatu mbele ya kazi yoyote yenye mifugo: ng'ombe huyu ni wa nani? Nani anamchunga? Alipatikana kwa jasho la nani? Huenda amani nayo imo ndani ya kazi hiyo. Lakini ithibitishwe na majibu hayo, isitangulizwe kabla yake.