Wimbo Hauishii Kwenye Maneno

Sisi wapenzi wa fasihi tuna tabia moja tunapoandika kuhusu nyimbo. Tunachukua mashairi, tunayaweka kwenye karatasi, tunahesabu mizani, tunatafuta tamathali za semi, basi, tumemaliza. Mtunzi tunamtaja, mwimbaji tunamtaja. Yule aliyekaa nyuma ya kioo akaamua maiki isimame wapi hayumo kabisa katika uhakiki wetu. Kitabu tunajua kina mhariri na mpiga chapa, na tukiona toleo limenyofolewa sura nzima tunalalamika. Wimbo nao una matoleo yake, na wanaonyofoa wapo. Hoja yangu ni hiyo tu: rekodi ni toleo, na tuihakiki kama toleo.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walitoka Unguja wakaenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Kurekodi kwa umeme kulikuwa bado kugeni. Miaka michache tu nyuma, mwimbaji alilazimika kuimbia ndani ya pembe kubwa iliyotikisa sindano. Maikrofoni ikaleta nafuu, maana hata sauti isiyopasuka iliweza kuingia. Lakini sahani ya santuri ya kasi ya 78 ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Sasa mfikirie mtu aliyezoea taarabu ya usiku, ubeti unarudiwa kadiri wasikilizaji wanavyotaka, halafu anaambiwa ana dakika tatu, geuza upande, tatu nyingine. Hapo mhariri ni saa. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hapo chini yetu, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na kitabu hicho bado ni darasa la utu. Lakini kisome huku unasikiliza zile santuri. Utapata ambacho karatasi haiwezi kubeba: pumzi inavutwa wapi, ala zinamngoja wapi, ubeti unaharakishwa wapi kwa sababu nafasi inaisha.

Njoo miaka ya 1970 na 1980. Bendi nyingi za dansi zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu. Mashairi yalipitiwa kwanza na kamati, kwa hiyo maneno yalihaririwa kabla hata gitaa halijachomekwa. Baada ya hapo bendi ilipiga kwa pamoja, maiki chache, utepe unazunguka. Ukikosea dakika ya sita, mnaanza upya wote. Ndiyo maana katika rekodi zile unasikia watu wanasikilizana. Solo inapunguza makali mwimbaji anapoingia kwa sababu mpigaji anamwona mwimbaji, yuko naye chumba kimoja. Hakuna mtu aliyekuja kushusha solo baadaye kwa kompyuta.

Kuna jambo la kifasihi hapo. Wimbo wa dansi wa enzi ile, chukua Mlimani Park iliyoanzishwa 1978 au wapinzani wao, huwa na sehemu mbili. Kwanza kisa kinasimuliwa taratibu, mtu analalamikia mapenzi au anawasihi ndugu. Kisha linakuja chemko, mwendo unapanda, magitaa na tarumbeta yanatawala, maneno yanabaki machache. Nyimbo za bendi zetu zilipotolewa Kenya kwenye santuri za kasi ya 45, mara nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja upande wake. Aliyepiga upande mmoja tu alibaki na kilio bila ngoma, au ngoma bila kilio. Aliyesikia utepe wa redio alipata vyote, na akaelewa kwamba chemko ni jibu la kisa: jamaa kalia, sasa wenzake wanamnyanyua. Wimbo ni uleule, matoleo mawili, maana mbili. Mhakiki anayesoma mashairi peke yake hawezi kuliona hilo.

Nisije nikaonekana mzee wa "zamani kulikuwa raha". Rekodi za redio zina kasoro zake. Katika nyingi, besi unaisikia kama jirani anayegonga ukuta, na sauti ya tatu ya waitikiaji imezama kabisa. Kanda zenyewe zilibaki mali ya redio, mwanamuziki akarudi ukumbini kutafuta riziki. Wala umeme si adui. Black Star Musical Club ya Tanga iliingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, na sauti ya Shakila haikupoteza kitu; besi ilimpa uwanja wa kusimama.

Sasa twende Lushoto, ambako ndiko ninakosikilizia. Huku milimani muziki mwingi unaorekodiwa ni wa kwaya. Kila usharika una kwaya yake, nyingine mbili tatu, na watu wa Mlalo, Bumbuli au Soni watakuambia bila kusita ipi inaimba kweli. Zamani kurekodi kulimaanisha kushuka mlima na nauli ya watu thelathini. Leo unapata chumba kimoja, kompyuta, maiki moja nzuri na trei za mayai ukutani. Hayo ni maendeleo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu upo kwenye utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Prodyuza anatengeneza biti kwanza, kinanda na drams za kompyuta, kwa mwendo usiobadilika hata chembe. Wanakwaya wanaingia wanne wanne, wamevaa hedfoni, wanaimba juu ya biti. Kiitikio kinarekodiwa mara moja, kikishapendeza kinanakiliwa na kubandikwa kila mahali kinapotakiwa. Mwisho sauti zinanyooshwa kwa programu za jamii ya Auto-Tune, ambayo ilianza kuuzwa 1997 na sasa imefika mpaka kwa fundi wa kijijini.

Nina rekodi mbili za wimbo mmoja wa kwaya ya huku, sitaitaja. Ya kwanza ilichukuliwa kwa simu kwenye mazoezi, ndani ya kanisa. Ya pili ni ya studio. Wimbo ni wa Kisambaa, na umejengwa kwa kuuliza na kujibu: mama mmoja anauliza, wanaume wa sauti ya nne wanajibu. Kwenye ile ya simu, kila jibu linachelewa tofauti. La kwanza linakuja haraka, kama watu wenye uhakika. La tatu linakawia, unasikia mtu anakohoa, benchi linalia, ndipo wanaume wanajibu kwa chini. Swali la tatu ndilo zito, na ule ukimya ni sehemu ya jibu. Kwenye rekodi ya studio majibu yote matatu ni jibu moja lililonakiliwa. Yanaingia palepale, kwa nguvu ileile. Mama wa watu anauliza, kumbe jibu lilishaandaliwa kabla hajafungua kinywa. Maneno hayakubadilika hata silabi, lakini shairi limeuawa.

Lipo na la lugha. Kisambaa, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana ya neno. Mtunzi wa wimbo wa Kisambaa daima anapatana na hilo: mahali fulani tuni inafuata neno, mahali fulani inaliacha, na mwimbaji mzuri anateleza kati ya noti mbili ili neno lisipotee. Programu ya kunyoosha sauti, ikikazwa sana, inaona mtelezo huo kama kosa. Inaukata na kuuweka kwenye noti ya karibu, sawasawa na kinanda. Kinanda hakijui Kisambaa. Tunaposema lugha za asili zinapotea huwa tunafikiria watoto wasiozizungumza. Tufikirie pia rekodi zinazozinyoosha mpaka zisikike kama kitu kingine.

Niliwahi kubishana na dereva wa Coaster ya Mombo kuhusu hili. Yeye anaipenda ile ya studio, na sababu yake ni ya maana kuliko za wahakiki wengi. Kutoka Mombo kuja juu ni kona na gia nzito njia nzima, injini inanguruma, na kila sehemu ya chini katika wimbo inamezwa. Prodyuza analijua hilo, ndiyo maana anaminya sauti, ndogo anaikuza na kubwa anaishusha, ili kila kitu kisikike juu ya injini. Yule fundi alihariri kwa ajili ya msikilizaji wa barabarani. Msikilizaji wa kitini hakumfikiria, na pengine hakuambiwa kwamba yupo.

Basi na yeye ahesabiwe. Kwaya ikiweza, ianze na chumba chake. Kanisa lina mwangwi wake ambao waimbaji wameuzoea miaka. Weka maiki mbili hatua chache mbele ya kwaya, sauti ya nne isimame nyuma lakini isizibwe, waimbe wimbo mzima bila biti. Kinanda kiwafuate wao, kiongezwe baadaye kama lazima. Likitokea kosa, rudieni wimbo. Hiyo isambazwe pamoja na ile ya garini, watu wachague.

Na sisi waandishi, tukihakiki wimbo tuseme umerekodiwa wapi na nani, kama tunavyotaja mchapishaji. Mnaofuatilia bongo fleva mnawajua P-Funk na Master Jay kwa majina. Mafundi mitambo wa Barabara ya Pugu na vijana wa trei za mayai wanastahili swali hilohilo. Leo jioni chagua wimbo mmoja unaoudhani unaujua. Usikilize mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili yaache maneno, sikiliza chumba: nani yuko karibu, nani mbali, nani anamngoja nani. Kisha ndipo uandike uhakiki wako.