Bao Lilivyogeuzwa Somo la Kiswahili

Walimu wanaofundisha Kiswahili kwa wageni, wawe Unguja, Dar es Salaam, Leipzig au London, hufika siku wakatamani kuwaonjesha wanafunzi kitu wanachokipenda wao wenyewe: wimbo wa taarabu, timu ya mpira, pishi la nyumbani, mchezo wa barazani. Nia huwa njema na kipindi huisha kwa makofi. Lakini ukiuliza ni nani aliyesema Kiswahili katika kipindi hicho, utakuta ni mwalimu. Wanafunzi walitabasamu na kujaza madaftari. Nataka leo kuichambua kazi ya mwalimu mmoja wa hapa Unguja ambaye kipenzi chake ni bao, na ambaye darasani mwake bao huzungumzwa na wanafunzi zaidi kuliko yeye.

Kazi yake ilianza kwa kupunguza. Bao lina mashimo 32 yaliyopangwa safu nne, na kete 64. Bao kamili, lile wanaloliita bao la Kiswahili, huchezwa kwa hatua mbili. Katika ya kwanza, namua, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, naye huingiza kete moja kila zamu mpaka mkono uishe. Hapo ndipo mtaji, hatua ya pili, unapoanza. Ongeza sheria za nyumba, za kutakata, yaani kucheza bila kula, za mashimo ya pembeni yaitwayo kichwa na kimbi, na utaona kwa nini mgeni mwenye miezi michache ya Kiswahili anazama. Mwalimu aliiweka kando namua yote, akaanza na bao la kujifunza, ambamo kila shimo hutiwa kete mbili na watu huanza kucheza papo hapo. Maneno aliyoyatoa siku ya kwanza yalikuwa machache mno: kete, shimo, zamu, kula, kulala. Hata habari kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, ambayo ilimwasha ulimini, aliizuia. Kwa mtu anayekipenda kitu, kunyamaza namna hiyo ni kazi ngumu, na naamini nusu ya mafanikio yake imo humo.

Kisha akaweka sharti moja: mkono usitangulie mdomo. Anayetaka kuondoa kete atangaze kwanza anachotaka kufanya. “Naanzia shimo hili, nitakula pale.” Asiyetangaza, zamu inampita. Sharti hili lina nguvu kwa sababu ubao wenyewe unasahihisha. Mwanafunzi akisema atakula kete tatu kisha kete ya mwisho ikaangukia shimo tupu, wote wanaona kwamba amelala. Mwalimu hana haja ya kuingilia kati kwa kalamu nyekundu.

Tazama sasa sarufi iliyojificha ubaoni. Mchezaji yumo katika A-WA, mtaji katika U-I, shimo katika LI-YA, kichwa katika KI-VI, kete na nyumba katika I-ZI. Kila zamu inadai hesabu, na kila hesabu inadai upatanisho: kete mbili, mashimo mawili, vichwa viwili, wachezaji wawili. Katika kitabu cha mazoezi ngeli hizi hupangwa kwenye jedwali, na mwanafunzi huzijaza kwa utulivu bila kitu cha kupoteza. Hapa anazihitaji kwa haraka, mpinzani amemkodolea macho, na akikosea upatanisho mwenzake hajui anazungumzia mashimo au kete.

Kitenzi kilichonivutia zaidi ni kula. Ni kitenzi cha silabi moja, na kinawasumbua wageni kwa muda mrefu kwa sababu ile “ku” huja na kuondoka. Tunasema nimekula na nitakula, lakini ukila, sijala, na ukitaja kete zenyewe, nimezila. Zikiliwa za kwako, zimeliwa. Kwenye karatasi hayo ni maumbo sita ya kukariri. Kwenye bao, mchezaji anayahitaji yote ndani ya dakika chache, kwa sababu mchezo mzima ni kula na kuliwa. Nilikaa pembeni nikisikiliza jozi moja ikibishana: mmoja akasema “ukikula pale”, mwenzake akarudia “ukila pale, ndiyo, lakini watatula hapa,” na mchezo ukaendelea. Marekebisho yalipita katikati ya mabishano bila mtu kusimamishwa.

Jozi nimezitaja makusudi. Kwa kawaida bao ni la watu wawili, na mchezaji hodari hucheza kimya. Mwalimu akaona kwamba ukimya huo ungeliua somo, akawakalisha wanafunzi wawili wawili kila upande. Wawili wanaocheza upande mmoja hawana budi kushauriana, na ushauri ndio unaozalisha sentensi ambazo mazungumzo ya kubuni ya vitabuni hayazizalishi: tuanzie wapi, usile hapo, kwa nini tusingoje, tungeanzia kushoto tungekula nne. Kwa maoni yangu hapa ndipo alipotoa uamuzi wake bora. Aliubadilisha mchezo anaoupenda ili uwafae wanafunzi, wala hakuona kwamba ameuharibu.

Wasiokuwa na zamu walipewa kazi ambayo baraza lolote la Unguja huwapa watazamaji, yaani kusema. Mtazamaji barazani hushauri, huonya, hulaumu baada ya tukio. Mwanafunzi aliyepewa nafasi hiyo hutumia “nge” na “ngali” bila kuambiwa kwamba leo tunajifunza masharti.

Baada ya hapo ndipo wakaenda barazani kweli, jioni, baada ya sala ya alasiri. Walisalimu kwa shikamoo, wakaketi, wakatazama wazee wakicheza namua kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Mwalimu hakuwataka wacheze. Kazi yao ilikuwa kutazama zamu moja, na kesho yake kuisimulia darasani: mzee akaingiza kete, akala, akagawa kuanzia kichwani, akafika shimo tupu, akalala. Kiambishi “ka” kilipata mahali pake. Na mzee mmoja, alipoona wageni wanajua maana ya kulala, alisogea akawapa nafasi kwenye mkeka na kuanza kuwaeleza nyumba inavyochezwa. Wanafunzi waliingia barazani wakiwa na neno la kuanzia, nao wazee wakawa na mtu wa kumfundisha.

Kuna upungufu ambao hauwezi kuachwa. Baraza la bao kwa kawaida ni la wanaume, na mwanafunzi wa kike hupokewa pale kwa heshima ya mgeni ambayo haimpeleki mbali. Mwalimu wa kike anayefanya kazi jirani na huyu ana kipenzi kingine, kusuka ukili, naye hukaa na wanafunzi wake pamoja na kina mama wakichambua na kusuka miyaa. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo una nafasi, na mazungumzo ya ukumbini huenda mbali kuliko ya bao: watoto, harusi, bei za sokoni. Somo kamili linahitaji milango yote miwili.

Si kila kipenzi kinakubali kutendewa hivi. Taarabu, ambayo mimi naipenda kuliko bao, ni ngumu kwa wanaoanza. Mwimbaji Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na simulizi ya safari hiyo peke yake inatosha kipindi. Lakini mashairi ya taarabu yamejaa mafumbo, na darasa la mwanzo hugeuka kuwa mahali ambapo mwalimu anafumbua na wengine wanaandika. Iachwe kwa wanafunzi wa juu, ambao wanaweza kubishana wimbo unamsema nani. Mpira ni rahisi zaidi, maana wageni wengi huja tayari wanaujua. Zima sauti ya mechi ya Simba na Yanga, mpe mwanafunzi kazi ya utangazaji, na utasikia vitenzi vikitoka mbio.

Hatua ya mwisho ya mwalimu wetu ndiyo wengi wanayoisahau. Wiki iliyofuata kila mwanafunzi alileta kipenzi chake mwenyewe na kukieleza kwa mifupa ileile ya bao: kuna vifaa gani, huanzwaje, hufanywa na nani, hushindwa vipi, kwa nini anakipenda. Mmoja alileta sataranji, mwingine sindano na uzi wa kufumia sweta. Kiambishi “hu” cha mazoea kilitumika kila dakika, na mwalimu, kwa mara ya kwanza katika somo zima, ndiye aliyeuliza maswali kwa sababu hakujua majibu. Alitaka kweli kujua sweta hufungwaje mwishoni. Mwanafunzi aliyekuwa mkimya kuliko wote darasani alimweleza hatua kwa hatua, akatafuta maneno, akayakosa, akayazunguka, akafika.

Mwalimu anayetaka kujaribu njia hii achague kitu kimoja tu anachokipenda, chenye zamu na chenye kazi ya mikono. Kama ni bao, atafute ubao na kete 64, aanze na bao la kujifunza, awakalishe wanafunzi wawili wawili kila upande, na namua aiache mpaka waiombe wenyewe.